Kalunguyeye Chini ya Michongoma: Majibu kwa Wasomaji wa Ukurasa wa Bustani

Msimu wa kufyeka na kuandaa vitalu ukifika, barua za ukurasa huu huacha habari za mbolea na kugeukia wanyama. Mtu anainua rundo la majani, anamwaga chungu cha maua au anafunua shimo la maji, na ndani kuna kiumbe hai kinachomtazama. Safari hii tumechagua barua ambazo majibu yake yanafaa kujulikana kabla jembe halijarudi kazini.

Nilikuwa navuta majani makavu kwa reki chini ya ua wa michongoma, nikafunua kalunguyeye na watoto wanne wekundu, miiba yao bado mifupi. Nimewafunika upesi. Mume wangu anasema harufu ya mkono wa mtu itamfanya mama awakimbie, jirani anasema niwape maziwa. Nimsikilize nani? – Mama Neema, Dodoma

Usimsikilize jirani, Mama Neema, na mumeo ana haki nusu. Kuwafunika ndiko kulikotakiwa. Rudisha majani yaleyale makavu uliyoyavuta, usiweke mabichi, mpaka rundo lifikie kina cha sentimita 30 hivi. Kisha ondoa reki, mbwa na watoto wa nyumbani eneo hilo. Harufu ya mkono peke yake si shida kubwa. Shida ni kufunuliwa mara ya pili na ya tatu. Kalunguyeye aliyejifungua karibuni akisumbuliwa huwabeba watoto mdomoni mmoja mmoja na kuhama, na hofu ikimzidi anaweza kuwala. Kwa hiyo usirudi kuchungulia.

Ukitaka kujua kama mama bado yupo, jioni kabla ya giza nyunyiza majivu laini au mchanga uliochekechwa mbele ya upande anaotokea, ukanda wenye upana wa sentimita 40. Asubuhi soma nyayo. Kalunguyeye wa kwetu ana vidole vinne tu mguu wa nyuma na vitano wa mbele, kwa hiyo hutamchanganya na panya. Nyayo zikitoka na kurudi, mambo yanaenda sawa.

Watoto wekundu wenye miiba mifupi ni wa siku chache tu. Macho hufumbuka wakikaribia wiki mbili, na kunyonya hukoma kwenye wiki ya tano au ya sita. Hesabu wiki sita tangu siku uliyowaona kabla ya kugusa rundo tena. Kama ulipanga kulichoma, hamishia uchomaji mahali pengine. Na hata rundo lisilo na mnyama unayemjua, lihamishe kwanza siku ileile ya kuchoma, ukitoa majani kutoka juu kwa mikono yenye glavu. Usilichome uma wa shambani katikati. Kalunguyeye hakimbii akishtuka, hujikunja mviringo na kungoja. Miiba inamkinga na mbwa, haimkingi na moto wala chuma.

Sasa maziwa. Tumbo lake halimudu sukari iliyomo kwenye maziwa ya ng'ombe. Atayanywa, kisha ataharisha, na mnyama wa nusu kilo akiharisha hana maji mengi ya kupoteza. Mkate na wali navyo havimfai. Unachoweza kumpa ni maji tu: kisahani kipana chenye kina cha sentimita 2 au 3, jiwe katikati ili mtoto akitumbukia apate pa kupandia, na maji yabadilishwe kila siku. Chakula anajitafutia mwenyewe: mchwa, mbawakawa, viwavi, nyungunyungu, konokono. Ndiyo sababu zile punje za bluu za kuulia konokono na sumu ya panya hazikai bustani moja na kalunguyeye. Anakula konokono aliyekwisha kula punje, na sumu inaendelea na safari yake.

Ikiwa mama amekufa kweli, ameliwa na mbwa au kakanyagwa na gari, weka watoto kwenye boksi lenye kitambaa na chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo. Chupa ikae upande mmoja tu ili wakizidiwa na joto wasogee. Usimlishe mtoto ambaye mwili wake bado ni baridi, kwani tumbo lake halifanyi kazi na chakula huweza kumpalia. Mpigie daktari wa mifugo wa wilaya au ofisi ya wanyamapori iliyo karibu. Kumfuga si ruhusa bila kibali: kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 ni mnyama wa porini hata akiwa amezaliwa uani kwako.

Kuna tabia moja inayomponza sana. Akikutana na harufu mpya hutafuna kitu hicho mpaka mate yatoke povu, halafu hujipinda shingo na kujipaka povu hilo mgongoni. Wengi wakiona hivyo husema ana kichaa cha mbwa na kumpiga rungu. Ni desturi yake tu. Wa kutiliwa shaka ni yule anayeyumbayumba mchana kweupe, asiyejikunja akiguswa na kijiti.

Nimetoa mche wa ndimu kwenye chungu, udongoni nikakuta vitu viwili vyeusi vinavyong'aa, vyembamba sana. Shemeji anasema nyungunyungu, fundi anasema nyoka wa vichwa viwili na kwamba huingia masikioni. Nimevitia kwenye kopo. – Saidi, Tanga

Saidi, vimwage kwanza kwenye udongo wenye unyevu, halafu uendelee kusoma. Kwenye kopo kavu havitakaa muda mrefu.

Fundi yuko karibu na ukweli kuliko shemeji. Huyo ni nyoka kipofu wa vyunguni, mwenye asili ya Asia, aliyesambaa karibu nchi zote za joto akiwa ndani ya udongo wa miche. Urefu wake ni sentimita 10 hadi 17, unene milimita 2 au 3. Nyungunyungu ana pete mwilini na ute, na hutembea kwa kujivuta na kujirefusha. Huyu hana pete wala ute. Ana magamba madogo mno, hujipinda kushoto na kulia, na ukimtazama kwa utulivu utaona ulimi mdogo ukitoka na kuingia. Macho ni nukta mbili chini ya magamba, zinazojua mwanga na giza tu. Mkia ni butu na unafanana na kichwa, ndipo uvumi wa vichwa viwili ulipoanzia. Kwenye ncha ya mkia kuna mwiba anaoukita udongoni ili apate pa kujisukumia. Ukimshika ataukita kidoleni. Hauna sumu, na mdomo wake hauwezi kukuuma. Habari za masikio hazina msingi.

Wote wanaojulikana ni majike. Hutaga mayai yanayokua bila dume, kwa hiyo mmoja tu kwenye chungu anatosha kuanzisha ukoo mzima.

Chakula chake ni mayai na watoto wa siafu, sisimizi na mchwa. Hapa ndipo mche wako wa ndimu unapohusika: nyoka kipofu wawili kwenye chungu kimoja maana yake kuna wadudu wa kutosha kuwalisha. Vunja donge la mizizi taratibu ukatafute mchwa au kiota cha sisimizi. Mara nyingi chanzo ni udongo wa juu uliokauka huku wa chini umeloa kwa sababu tundu la chungu limeziba. Zibua tundu, weka kokoto, badilisha udongo.

Onyo moja, na si dogo. Kuna nyoka mwingine mweusi au kahawia iliyokoza, anayeng'aa, anayeishi udongoni, mwenye kichwa kidogo kisichotofautiana na shingo. Huyo huwa mnene kuliko penseli na hufika nusu mita au zaidi. Ana meno marefu ya sumu anayoyatoa pembeni mwa mdomo bila kuufungua, kwa hiyo hata ukimshika nyuma ya kichwa kama waonyeshaji wa nyoka wanavyofanya, anakuchoma. Hakuna namna salama ya kumshika. Kanuni ya bustanini ni hii: chochote chenye umbo la nyoka, kiwe kidogo namna gani, husogezwa kwa koleo lenye mpini mrefu.

Kinyonga wa kijani ameshuka kwenye mpera na anachimba ardhi karibu na msingi wa nyumba tangu asubuhi. Wazee wanasema ni mkosi na wanataka afukuzwe. Ana sumu? – Mwl. Hadija, Lindi

Hana sumu, Mwalimu. Anataga.

Kinyonga mkubwa wa kijani wa pwani na bara, mwenye mikunjo miwili ya ngozi nyuma ya kichwa, hushuka chini kwa sababu chache sana, na kubwa ni hiyo. Jike huchimba mwenyewe kwa miguu ya mbele, pengine kutwa nzima, akiingia kichwa kwanza mpaka ubaki mkia. Kisha hugeuka, hutaga mayai 20 hadi 50 na wakati mwingine zaidi, hufukia, hukanyaga udongo na kuondoka asirudi. Akikatishwa katikati huacha shimo, na jike anayeshindwa kutaga huweza kufa na mayai tumboni.

Leo kazi yenu ni ulinzi: kuku wafungwe, paka awe ndani, watoto watazame kutoka mita 3. Akimaliza atakuwa amepauka na kukonda. Nyunyizia maji majani ya mpera mara mbili kwa siku kwa chupa ya kupulizia. Kinyonga hanywi kwenye bakuli, hulamba matone. Akihitaji msaada wa kurudi juu, msogezee fimbo mbele ya miguu ajipandie. Usimvute mkia wala usimbandue kwa nguvu, kwani kucha hung'oka.

Zungushia mahali hapo vijiti vinne na uandike tarehe. Mayai hukaa ardhini miezi mingi, karibu mwaka, yakisubiri mvua. Msimwage hapo maji ya sabuni, dawa ya mchwa wala zege. Ikiwa mna mpango wa kuweka kibaraza upande huo, anzeni upande mwingine. Wasomaji wa Nairobi na nyanda za juu za Kenya hawatakuta mashimo haya kwa yule wao mwenye dume la pembe tatu: yeye hatagi, huzaa watoto hai juu ya matawi.

Wazee, kwa heshima zote, waonyesheni usiku. Kinyonga akilala hupauka, na mwanga wa tochi humtokeza waziwazi kwenye majani. Aliyemwona amelala ameukumbatia mkia wake hamwogopi sana tena.

Kijana wangu ameokota kobe kando ya shamba. Tumemweka kwenye banda la sungura, anakula ugali na kabichi. Anaweza kukaa nasi? – Baba Mwakio, Voi

La. Mrudisheni alikookotwa leo hii, ndani ya mita mia moja ya pale, upande alikokuwa ameelekea. Kobe ana eneo lake na anajua maji yako wapi. Mbebeni akiwa sawasawa, chini chini, bila kumgeuza. Akishtuka hukojoa, na mkojo huo ndio akiba yake ya maji ya kiangazi. Mkiona amekojoa, mwekeni kwenye besheni yenye maji ya uvuguvugu yanayofika chini ya kidevu kwa dakika 20, anywe, ndipo mmwachie. Ugali unamharibia tumbo, maana chakula chake ni nyasi na magugu. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya 2013 kumfuga bila kibali ni kosa, na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hawatakubali hoja ya kwamba alikuja mwenyewe.

Kuna panya mkubwa kupita kiasi anafukua mbegu za mahindi na karanga usiku. Tumemmulika, mashavu yamevimba na mkia wake nusu mweusi nusu mweupe. Ni ugonjwa? – Kikundi cha Akina Mama, Turiani

Si ugonjwa, akina mama, ni mbegu zenu. Panya buku ana mifuko mashavuni, hujaza mpaka sura ibadilike, kisha hukimbilia shimoni kuweka ghala. Ana kilo moja au zaidi, na mkia wa rangi mbili ni kitambulisho chake. Ni ndugu wa wale wanaofunzwa na shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro, kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa huko na kupewa nishani ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyofanya Kambodia. Sifa hiyo haiwarudishii karanga, lakini inawaambia mnapambana na nani: mnyama anayeona vibaya na kunusa ajabu.

Basi pambaneni na pua yake. Mbegu iliyofukiwa sentimita 2 anaipata bila shida. Fukieni mahindi sentimita 5 hadi 7, shindilieni udongo kwa kisigino, na msiache punje hata moja juu ya ardhi, maana hiyo ndiyo inayomwambia aanze kuchimba. Mahali penye uharibifu mkubwa, otesheni mahindi kwenye vijaluba kwa siku 8 hadi 10 na kuhamishia shambani. Mche ukishatumia chakula cha mbegu, haja yake nao hupungua. Okoteni maembe na matunda ya michikichi yaliyoanguka kila jioni. Sumu msiweke. Panya buku akiila hafi papo hapo. Huzunguka akiwa mnyonge siku kadhaa, na bundi au mbwa anayemkamata wakati huo hula sumu ileile. Mkipoteza bundi, mtapata panya wadogo kwa mamia, na hao ndio wamalizaji wa ghala.

Fundi aliinua mbao zilizoegemea banda la kuku, swila akasimama na kumtemea machoni. Tulimwosha kwa maziwa, sasa anaona vizuri. Lakini nyoka bado yumo. Tumwage dizeli? – Mzee Kazungu, Malindi

Pole kwa fundi, Mzee. Hata kama anaona vizuri, apelekwe akapimwe macho leo. Sumu huacha vidonda kwenye kioo cha jicho ambavyo mwanzoni havionekani. Na siku nyingine tumieni maji: mengi, safi, yakitiririka kutoka upande wa pua kwenda nje, kope zimefunguliwa kwa vidole, dakika 15 hadi 20 bila kukatisha. Maziwa ni ya dharura tu pale maji hayapo. Asisugue macho na asitiwe majani ya mtu yeyote.

Kwenu huko Kilifi inawezekana kabisa kuwa ni yule swila mkubwa aliyetambuliwa rasmi na wanasayansi mwaka 2007 na kupewa jina la James Ashe, mwanzilishi wa shamba la nyoka la Bio-Ken pale Watamu. Hupita mita 2, na mate yake hufika mita 2 hadi 3. Watu wa Watamu ndio wa kuwapigia wamtoe. Wakati mnasubiri, mtu mmoja akae mita 6 akiwa amevaa miwani, aangalie anakoelekea, na njia ya kutokea iachwe wazi. Swila anayetema amebanwa. Mkimpa upenyo, kwa kawaida ataondoka.

Dizeli haimfukuzi, wala salfa, oili chafu au vitunguu saumu. Kinachomwita ni panya, vyura na mayai. Kinachombakisha ni mbao zilizolala chini. Inueni mbao juu ya matofali, sentimita 30 kutoka ardhini na nusu mita kutoka ukutani, ili mwanga upite chini yake. Chakula cha kuku kisilale nje. Nyasi kuzunguka banda zisizidi sentimita 10 kwa upana wa mita 2. Kwenye banda, waya wa kuku wa kawaida wenye matundu ya sentimita 2.5 ni mtego mbaya: nyoka huingia mwembamba, humeza yai, kisha hawezi kutoka, na asubuhi mnamkuta ndani amekasirika. Tumieni wavu wa matundu yasiyozidi sentimita 1, uzikwe sentimita 20 ardhini.

Akiuma mtu: vueni pete na bangili, funga kiungo kwa mbao ya kukitegemeza kisitikisike, mbebeni, hospitali. Msifunge kamba ya kukata damu, msichanje, msinyonye, msibandike jiwe jeusi. Msimtafute nyoka ili mumpeleke naye. Picha ya simu kutoka mbali inatosha, na isipopatikana msipoteze muda.

Kila wiki naopoa vyura waliokufa kwenye shimo la maji ya mvua la kumwagilia mboga. Maji yananuka. – Dada Anjela, Mwanza

Wanaingia kunywa na kutaga, kuta ni laini, wanaogelea mpaka wachoke. Chukua ubao wa upana wa sentimita 15, upigilie vijiti vya kukatiza kila sentimita 3, uegemeze kwa mteremko wa kulala usiozidi nyuzi 45, ncha ya chini ikiwa imezama. Maji yakipungua, ubao mmoja huachwa juu, kwa hiyo ufunge kamba upande wa juu ili uushushe. Shimo la pembe nne linahitaji mbao mbili kwenye pembe zinazokabiliana, kwa sababu chura huogelea akifuata ukuta na hukwama pembeni. Kama mbao hakuna, gunia la katani lililotundikwa ukingoni kwa mawe mpaka lifike kwenye maji linafanya kazi hiyo hiyo, ila huoza baada ya msimu mmoja. Maji yaliyokwisha kunuka mwagilia migomba, usiyatumie kwenye mchicha unaokaribia kuvunwa.